Nani Alikuwepo

Jumatano, tarehe 30 Novemba 2005, saa tano kasorobo asubuhi, jua liliingia kwa dirisha la wadi ya wanaume katika hospitali moja mjini Kitale, likamwangukia Jairus Wabwile usoni. Dirisha halikuwa na pazia. Jairus alikuwa amelala chali, tumbo limejaa maji, mikono imekonda hata saa yake ikawa inateleza mpaka kiwikoni. Siku hizo alikuwa hasemi ila kuomba kitu.

"Mama Ivy," alisema, "ziba hilo dirisha. Huu mwangaza unaniumiza macho."

Nanyama, mkewe, alivua leso aliyojitanda mabegani, akapanda kwenye kiti cha plastiki, akachomeka pembe moja ya leso kwenye nondo ya kwanza ya dirisha na pembe nyingine kwenye nondo ya mwisho. Pembe ya pili ilimsumbua, kila akiiachia inaponyoka. Kazi hiyo ilimlazimu kukipa kitanda mgongo. Aliposhuka na kugeuka, uso wa mumewe ulikuwa kivulini, naye amekwisha kufa.

Muuguzi Chesang alikuja, akashika kifundo cha mkono, akainama kusikiliza kifua, kisha akavuta shuka juu.

"Pole, mama. Ulikuwa na yeye?"

"Nilikuwa hapa."

"Alisema kitu?"

"Ati nizibe dirisha."

Chesang alitazama dirishani. "Basi uchukue leso yako. Vitu vikibaki hapa hupotea."

Nanyama alipanda tena kwenye kiti, akaitoa. Jua likarudi, safari hii juu ya shuka.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Mgonjwa wa kitanda cha kulia alikuwa amelala; wa kushoto alikuwa ameelekea ukutani, na masikio yake yalikwisha kuharibika zamani. Kutoka kanisani kwao Mabanga hakuwepo mtu, wala hakuwa amekuja mtu tangu Jairus alazwe.

Ivy, binti yao wa pekee, alimkuta mama yake kwenye ngazi za wadi. Alikuwa kidato cha tatu, shule zimefungwa, na kila siku alileta uji wa baba yake kwenye chupa ya chai. Aliona leso imekunjwa mkononi mwa mama, akaiweka chupa chini.

"Alisema nini?" aliuliza baada ya kulia.

"Aliniita, akasema nizibe dirisha. Mwangaza ulikuwa unamuumiza macho."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Nilikuwa nimegeuka."

Ivy alitikisa kichwa kukubali. Baba yake alikuwa mwalimu wa historia, na nyumbani alikuwa na tabia moja iliyowachosha wote wawili. Ukimletea habari yoyote, ya mchawi aliyekamatwa Kiminini au ya ng'ombe aliyezaa mtoto wa binadamu, hakukubali wala hakukataa. Aliuliza tu, "Nani alikuwepo?" Mara nyingi habari iliishia hapo.

*

Hesbon, mdogo wake Jairus, alipigiwa simu akiwa sokoni Chwele. Alikuwa anapimiwa vitunguu na Agneta, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, ambaye siku hiyo alikuwa kibandani kwake tangu alfajiri. Agneta ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga ukemi, akaacha mizani, akakaa chini katikati ya maganda.

Kesho yake Hesbon alifika Kitale na pikapu ya kukodi na sanduku la mti wa msonobari. Alimkuta Nanyama kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, akakaa mbali naye kidogo, kama mtu aliyebeba kitu kinachonuka.

"Mulamwa," alimwita, kwa neno la kwao la shemeji, "kuna maneno."

"Sema."

"Kanisa limekataa."

"Limekataa nini?"

"Yote. Mchungaji hakuji. Kwaya hakuna. Hema ni ya kanisa, sufuria ni ya kanisa, viti ni ya kanisa. Akina mama wameambiwa wasichote maji. Ati ndugu yetu alitengwa, na mtu alitengwa hawezi kuzikwa kama mtu."

"Kama nini, basi?"

Hesbon alikuna goti. "Si unajua ule wa gunia."

Nanyama alimjua. Mtu wa mwisho kuzikwa Mabanga bila kanisa alikuwa mwizi wa ng'ombe aliyeuawa na umati huko Cheptais. Aliletwa ndani ya gunia, ndugu zake wakamfukia kabla ya saa nne, hakuna aliyeimba. Miaka ilikuwa imepita. Mpaka leo wanawe waliitwa watoto wa gunia, na msichana wao mmoja alikuwa amerudishwa kutoka kwa wachumba kwa sababu hiyo, mahari ikiwa imekwisha kutajwa.

"Na wewe uliwaambia nini?"

"Mimi ningesema nini, mulamwa? Hii kitu ya kula iliharibu kila kitu."

*

Ile kitu ya kula ilikuwa ya mwezi wa Oktoba. Nchi nzima ilikuwa ikijiandaa kwa kura ya maoni ya katiba, waliokubali wakiwa na alama ya ndizi, waliokataa wakiwa na chungwa. Jairus alikuwa amekuja nyumbani Mabanga kutoka Kitale, alikofundisha, Jumapili ya mwisho wa mwezi, na vijana wa kanisa wakamwomba awafundishe. Kijana mmoja aliuliza ni nani aliyeandika maneno ya Nasadiki, lile ungamo la imani wanalolikariri kila wiki. Jairus alimjibu alivyojibu kila swali. Alisema mwaka 325 mfalme Konstantino, ambaye mwenyewe alikuwa hajabatizwa, aliwaita maaskofu katika mji wa Nikea kwa sababu walikuwa wanabishana kama Mwana ni sawa na Baba. Walibishana sana. Mwishowe wakaamua.

"Waliamua aje?" kijana aliuliza.

"Ni kama walipiga kura," Jairus alisema, akatabasamu. "Na wao walikuwa na ndizi na chungwa yao."

Vijana walicheka. Agneta alikuwa nyuma akifagia, hakucheka. Ulimi wa huko hubadilisha r na l bila kujali, na sikio limezoea kufuata ulimi. Wiki iliyofuata Jairus aliitwa mbele ya baraza la kanisa.

"Mwarimu," Agneta alisema, "ulisema ama hukusema, Yesu ni wa kula?"

"Nilisema kura."

"Si ndio hiyo nasema. Kula."

"Kura, mama. Ya kupiga. Si ya ugali."

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Mchungaji Khaoya hakucheka. Alikuwa mtu mnene wa sauti ndogo, aliyepanga vitabu vyake mezani kwa ukubwa. "Ya kupiga ama ya kumeza, Mwalimu, yote ni matusi. Umewaambia watoto wetu kwamba uungu wa Bwana ulitoka kwa debe la kura."

Waliamuru asimame mbele ya waumini aombe msamaha. Jioni hiyo Jairus alimwambia mkewe kwamba wana haki kwa jambo moja. "Kura ni neno baya. Nilikuwa nawachekesha. Maaskofu walitia sahihi. Wawili walikataa kutia, wakafukuzwa nchini. Nikisimama, nitasahihisha hilo."

"Utasahihisha hilo tu?"

"Hilo tu ndilo kosa."

Hakusimama. Akatengwa. Siku chache baadaye macho yake yaligeuka manjano.

*

Maiti ilifika Mabanga Ijumaa asubuhi, ikapita Kamukuywa na Webuye bila gari hata moja la kuisindikiza. Uani hapakuwa na hema. Majirani wachache walisimama kwenye ua wa michongoma, upande wa nje, wakasalimia kwa mikono bila kuingia. Mwanamke mmoja alikuwa na kuni kichwani. Alipoona hakuna mwenzake aliyeingia, akageuka nazo.

Kabla ya saa sita walikuja watu wanne: Mchungaji Khaoya, wazee wawili na Agneta katika sare ya akina mama, nyeupe na buluu. Nanyama alikuwa na sare kama hiyo ndani ya sanduku lake la nguo. Hakuwa amethubutu kuivaa.

Walikaa kwenye makochi. Nanyama alikaa mkekani, kwa sababu viti vilikwisha na hakuna aliyempisha. Ivy alileta chai ya maziwa, vikombe vinne juu ya trei, akaviweka mezani. Mchungaji alichukua kisahani, akakifunika juu ya kikombe chake. Wazee wakafanya vivyo hivyo. Agneta akafuata.

"Tumetoka kunywa," Mchungaji alisema.

Ivy alitazama visahani. Nanyama alimwashiria atoke.

"Mama Ivy, kanisa haina ubaya na wewe. Wewe ni wetu. Shida ni huyu amelala hapo. Alikufuru mwezi wa kumi, na mwezi wa kumi na moja haujaisha Mungu amemwita. Sasa sisi tuseme nini? Tuimbe?"

"Daktari alisema hiyo saratani ya ini ilikuwa ndani zaidi ya mwaka," Nanyama alisema. "Kabla hajasema chochote."

"Mungu hangoji mtu aseme," mzee mmoja alijibu. "Alijua atasema."

"Na jina lenyewe," Agneta akaongeza, taratibu, kama anayemhurumia mtu. "Yairo wa Biblia aliamini, mtoto wake akainuka. Huyu wetu alibaki na jina tu."

Hesbon, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, "Mchungaji, tafadhali. Huyu ni ndugu yangu. Si alibatizwa hapa hapa? Si ndiye alijenga choo ya kanisa?"

"Choo haiendi mbinguni, Hesbon."

Nzi alizunguka juu ya vikombe. Nanyama alihesabu moyoni si pesa wala siku. Alihesabu wasichana aliowajua Mabanga ambao baba zao walizikwa vibaya. Alimpata mmoja, wa gunia, na huyo mmoja alimtosha.

"Sisi si wakatili," Mchungaji Khaoya alisema. "Mwizi wa msalabani aliongea dakika ya mwisho akasamehewa. Mimi nauliza tu. Wewe ndiye ulikuwa na yeye. Hakuacha neno? Hata moja?"

"Aliacha."

"Alisema aje?"

"Alisema, 'Huu mwangaza unaniumiza macho.'"

Alikuwa amefungua mdomo aongeze habari ya dirisha. Mchungaji aliinua mkono.

"Mwangaza?"

"Ndiyo."

"Mwangaza gani?"

Nanyama alivitazama visahani juu ya vikombe. Nje, mtu alisikika akimwuliza mwenzake kama ni kweli hakutakuwa na chakula.

"Mwangaza tu," alisema. "Mkali."

"Kama Saulo," mzee wa kwanza alinong'ona. "Njia ya Dameski."

Agneta alishika kifua. Mchungaji alisogea mbele mpaka kochi likalia. "Mama Ivy, sikiza vizuri, hii ni kitu kubwa. Alipoona huo mwangaza, alitaja jina?"

Alikuwa ametaja jina. Alisema, "Mama Ivy." Nanyama aliinamisha kichwa.

"Alitaja jina," alisema.

"Halafu?"

"Halafu akanyamaza. Akaenda."

"Akaenda kwa amani?"

"Nilipoangalia, uso ulikuwa umetulia."

Hakuna aliyeuliza jina gani. Mchungaji Khaoya alifumba macho, midomo ikacheza. Alipoyafumbua, aliondoa kisahani, akaonja chai.

"Hii imepoa, Mama Ivy," alisema. "Hakuna ingine?"

*

Hema lilisimama kabla ya saa nane. Sufuria za kanisa zilikuja kwa mkokoteni, zikifuatwa na akina mama wenye kuni, yule aliyegeuka asubuhi akiwa mbele. Nanyama alivaa sare. Alikaa kwenye godoro sebuleni, wakaja mmoja mmoja kumkumbatia, na kila mmoja alitaka kusikia. Aliwaambia yale yale: mwangaza, jina, uso uliotulia. Mmoja aliuliza alikuwa akifanya nini wakati huo, naye akasema alikuwa ametundika leso dirishani.

"Kwa nini?"

"Mwangaza ulikuwa mwingi."

Wanawake walitazamana. Kwa hiyo hata yeye aliuona.

Habari ilitoka sebuleni ikiwa imevaa kandambili, ikafika jikoni ikiwa na viatu. Karibu na sufuria ya mchele Jairus alikuwa ametaja jina la Yesu mara tatu. Kwenye mtungi wa maji alikuwa ameketi kitandani mwenyewe, yeye ambaye hakuwa ameketi kwa wiki mbili. Kijana wa kwaya alisema Mwalimu aliomba aletewe ile Nasadiki, akaikariri yote, akafa kwenye "uzima wa milele". Hesbon alipokwenda Chwele kuchukua mchele uliobaki, dereva wa bodaboda asiyemjua alimsimulia kwamba huko Mabanga kuna mwarimu wa Kitale aliyetukana Mungu, akafa, akarudi kuomba msamaha, akafa tena.

"Nani alikuambia?" Hesbon aliuliza.

"Bana, kila mtu anajua."

Hesbon alimlipa nauli. Nyumbani alimpelekea Nanyama habari hiyo akidhani itamchekesha. Nanyama alimwambia afunge mlango.

Ivy alimngojea mama yake nyuma ya jiko, mahali kuku walipokuwa wakinyonyolewa. Alikuwa na manyoya kwenye vidole.

"Mama, ati Baba alimwita Yesu mara tatu?"

"Mimi sikusema hivyo."

"Ulisema aje?"

"Nilisema alitaja jina."

"Jina gani?"

Nanyama alitazama nyuma yake kwanza. "Langu."

Ivy alifuta vidole kwenye magoti. "Kwa hivyo hukudanganya."

"Sijasema uongo hata mmoja tangu asubuhi."

"Lakini unawaacha."

"Nawaacha."

"Angekuwa hapa angeuliza nani alikuwepo."

"Aliuliza maisha yake yote," Nanyama alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kavu. "Aliacha swali, Ivy. Hakuacha hema. Unataka nifanye nini, nitoke hapo nje niwaambie ilikuwa jua? Wataondoa sufuria zikiwa na mchele ndani. Watakuita mtoto wa gunia mpaka uzeeke."

"Waniite."

"Unasema hivyo kwa sababu una miaka kumi na saba na umeshiba."

Ivy alirudi kwenye kuku wake, akaendelea kunyonyoa, kwa nguvu kupita ilivyohitajika, hata ngozi ikachanika.

*

Jumamosi watu walijaa mpaka barabarani. Wengine walitoka Chwele, wengine Kimilili, watu ambao hawakumjua Jairus akiwa hai wala hawakuwahi kusikia jina lake mpaka jana. Walimu wenzake kutoka Kitale walikuja na shada la maua, wakakaa nyuma, wakasikiliza bila kuelewa anayesemwa ni nani.

Mchungaji Khaoya alihubiri juu ya Saulo. Alisema kuna watu wanaosoma sana mpaka wanafikiri Mungu ni somo. Alisema marehemu alikuwa mmoja wao, na hakumficha, kwa sababu kumficha ni kumnyima Bwana utukufu wake. Alirudia maneno ya Oktoba kwa sauti, ya kura na ya kula, na watu wakaguna kwa uchungu. Halafu akainua mkono kuelekea sanduku. "Lakini mwisho! Mwisho aliona nini?"

"Mwangaza," watu waliitikia. Walikuwa wamekwisha kujua pa kuitikia.

Nanyama alikuwa ameketi mstari wa mbele, sare yake ya buluu na nyeupe imepigwa pasi, ile leso mabegani. Kila mara watu walipoguna alihisi macho yakishuka juu yake, si kwa chuki.

Kisha akina mama waliitwa kutoa ushuhuda. Agneta alichukua kipaza sauti, akalia kidogo, akajifuta.

"Mimi sitaki kuongea mingi. Watu wanasema wanasema. Mimi nasema yenye niriona na macho yangu." Aligeuka kuwatazama wote. "Hiyo Jumatano Roho arinituma Kitale. Niriacha biashara. Nirifika wadi, nikapata Mwarimu amekaa, uso inawaka. Akasema, 'Agneta, nisamehe, nirikosea kanisa.' Nikamwambia, 'Mwarimu, muombe Bwana.' Akamwita. Mara tatu. Hiyo mwangaza irikuwa kari, mpaka hii reso mnaona hapa kwa Mama Ivy, ni mimi nirichukua nikafunika dirisha. Kwa hii mikono."

"Amen," watu walisema.

Hesbon, aliyekuwa amesimama kando ya kaburi na koleo, alitazama viatu vyake. Vitunguu alivyopimiwa na Agneta Jumatano hiyo vilikuwa ndani ya sufuria, hatua chache kutoka hapo. Aliinua uso, akaona watu, akauinamisha tena.

"Sasa mtoto," Mchungaji alisema. "Ivy aseme neno moja la kumuaga baba, halafu tumrudishe mavumbini."

Ivy alipokea kipaza sauti. Kwanza alikitazama, kichwa ameinamisha. Watu walidhani analia, wakaanza kumwambia jikaze, mama, jikaze. Hakuwa analia.

"Mama Agneta," alisema. "Wewe ulikuwepo?"

Aliuliza kwa adabu, kama mwanafunzi anayetaka kurudiwa sentensi. Kilichosikika ni injini ya jenereta.

"Nirikuwepo, mtoto wangu," Agneta alisema.

"Mimi nilikuja na uji saa hiyo hiyo. Sikukuona kwa ngazi. Mama yangu aliniambia alikuwa peke yake."

Minong'ono ilianza mbele, ikaenda nyuma. Mtu alisema, damu ya baba. Mwingine akasema, ni hiyo hiyo, imehamia kwa mtoto. Mzee wa kanisa alisimama, akaketi. Mchungaji Khaoya hakukasirika. Alimwendea Ivy, akamtoa kipaza sauti mkononi kidole kwa kidole, akaja nacho hadi mstari wa mbele, akainama.

"Mtoto ana uchungu," alisema, na spika zikaipeleka sauti yake ndogo mpaka barabarani. "Tusimhukumu. Tumalize hii kitu hapa hapa, isije ikafuata nyumba hii. Mama Ivy, wewe ndiye shahidi. Dada Agneta alikuwepo, ama hakuwepo?"

Aliweka kipaza sauti karibu na mdomo wa Nanyama.

Nanyama alimtazama Agneta, ambaye mkono wake mmoja ulikuwa bado umenyooshwa kuelekea leso. Aliwatazama wanawake waliokuwa kwenye sufuria, vifuniko mkononi. Alimtazama Ivy, aliyesimama peke yake kando ya sanduku, akimtazama yeye tu, bila kupepesa, kama mtu anayengoja jibu ambalo tayari analo.

"Alikuwepo," Nanyama alisema.

"Na leso?"

"Ni yeye aliiweka."

Kwaya ilianza kuimba. Hesbon na vijana wengine walipitisha kamba chini ya sanduku, wakaliinua, wakalishusha. Mchungaji aliwataka jamaa watupe udongo. Nanyama alitupa. Ivy hakutupa, alikuwa amekwenda kusimama nyuma kabisa, pamoja na walimu wa Kitale. Kwa hiyo Mchungaji alimwita Agneta, na Agneta akainama, akachota kwa mikono yote miwili, akatupa udongo wa Ivy.